Gereji ya baiskeli Mwanga Kigoma: kama unapanda milima nenda hapa

Wapenda baiskeli wa mwisho wa reli, kuna fundi yuko Mwanga jirani na soko, kibanda cha mabati tu hakina hata bango, ila kwa mtu anayepanda milima mi kwakweli sijaona kama huyu hapa mjini. Mafundi wengi ukiwapelekea baiskeli wanaangalia kilichokufa wanabadilisha basi, huyu mzee kabla hajashika spana anakuuliza "unapanda nayo wapi, na unabeba nini?" maana wateja wake wengi ni wale wanaoshusha madumu ya mawese na magunia ya mkaa, kwahiyo mlima anaujua vizuri.

Yangu ni mtumba wa zile za mashindano, mbele meno 52 na 42, nyuma gia kubwa kabisa ilikuwa meno 21. Kwenda Ujiji freshi, shida ni ukitoka stesheni kupandisha Mwanga, au ile lami ya Mwandiga kwenda Manyovu, hapo unasimama kwenye pedeli na bado haiendi. Mzee akahesabu meno kwa kidole akaniambia mwanangu hii waliitengenezea tambarare. Akaniwekea friwili, yani lile fungu la gia za tairi la nyuma, ambayo gia yake kubwa ina meno 28, akaunga pingili za cheni maana ile ya mwanzo isingefika, akakaza upya kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni. Zamani kwenye gia nyepesi pedeli ikizunguka mara moja baiskeli inasogea mita 4 na kidogo, saivi ni kama 3, yani miguu inazunguka haraka ila nguvu ya kila mzunguko inapungua sana na huo mlima wa stesheni naupanda nimekaa.

Mi ni mpenzi mkubwa wa mashindano ya kupanda mlima, na nilivyokuwa nimekaa kwenye benchi lake namwangalia anavyofanya niliona historia yote ya hiyo michezo iko mikononi mwake. Waingereza wa klabu ya Catford ya London walianza kushindana kupanda kilima cha Westerham mwaka 1887, na wanaendelea mpaka leo, sikuizi kwenye Yorks Hill kule Kent, kifupi tu hakifiki hata kilomita moja lakini kimesimama kama ukuta, Phil Mason mwaka 1983 alikimaliza kwa dakika 1 na sekunde 47. Ubingwa wa taifa wa kupanda mlima wakauanza 1944, na Chris Boardman akauchukua mara 4 mfululizo 1988 hadi 1991, mwaka uliofuata akabeba dhahabu ya Olimpiki Barcelona. Baadhi ya wale jamaa hupanda na gia moja tu, wanavua kila kitu kisicho na kazi, hadi ile tepu ya kwenye usukani wanabandua wapunguze gramu. Sasa mzee bila kuambiwa na mtu akanivulia keria, stendi na madigadi akaniambia "uzito huu unakula pumzi yako".

Na Wafaransa nao, Tour de France, yale mashindano yao makubwa ya baiskeli, ya 1910 ndo ilipita milima ya Pyrenees kwa mara ya kwanza, baiskeli chuma kizito, barabara vumbi na mawe, mshindani mmoja, Octave Lapize, alikasirika akawaita waandaaji wauaji na bado ndo akaibuka bingwa. Kubadilisha gia ilikuwa unashuka, unafungua tairi la nyuma unaligeuza upande wa pili wenye meno mengine, maana vifaa vya kuhamisha cheni vilikatazwa kwenye Tour mpaka 1937. Nilimsimulia mzee hili akaacha kazi kabisa akataka nirudie. Na Kigali 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani ulivyokuja Afrika mara ya kwanza, hapo jirani tu, Mslovenia Pogačar akachukua, bado watu wa kibandani wanabishana zile gia za Pogačar zina meno mangapi.

Ufundi alinichaji 15,000, friwili nililipia pembeni. Kazi safi, gia haziruki hata ukikanyaga kwa nguvu. Lisilonipendeza ni kusubiri, vipuri vya baiskeli za gia mara nyingi hana anaagiza, na simu anapokea akijisikia, afu hana risiti, mkubaliane bei mapema. Breki za nyuma pia umwambie wewe azicheki, yeye akili yake yote iko kwenye kupanda na hiyo Manyovu kurudi ni mteremko mrefu, unahitaji breki zinazoshika.

Jumamosi wahi asubuhi, wenye madumu wakishafika utakaa mpaka jioni.