Hopi ya uchungu kwa bia ya nyumbani Lubumbashi: ipi ya kununua kwanza

Hopi ni maua ya mmea yanayotiwa kwenye bia, na ya aina hii ina kazi moja tu, kutia uchungu kisha kunyamaza. Inaingia sufuriani mwanzo wa kuchemsha, na harufu yake karibu yote inaondoka na mvuke. Unacholipia ni asidi ya alfa, ile asilimia iliyoandikwa kwenye pakiti, pamoja na uchungu usiokwaruza koo.

Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kutazama jina. Lita 20 za bia nyepesi yenye uchungu wa IBU 25 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia) zinahitaji gramu 18 hadi 20 za hopi yenye alfa ya asilimia 13. Ukichukua Saaz ya Ucheki, yenye alfa 3 au 4, utatia gramu 60 na kitu. Pakiti ya gramu 100 ya ile ya kwanza inakutosha sufuria tano. Ya Saaz haifiki mbili, na mzigo unaotoka ng'ambo unalipiwa kwa kilo. Tena majani yakijaa chini ya sufuria yanabaki na bia ambayo ungeinywa.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa mbali hawatakuambia. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka karibu na nyuzi 96. Alfa inageuka kuwa uchungu kwa nguvu ya joto, basi hapa inageuka polepole kuliko Antwerp, iliyo karibu na usawa wa bahari. Maelekezo yakisema dakika 60, wewe acha babula iwake hadi 75 au 90. Ukiona makala yamepanda bei, badala ya kurefusha muda ongeza hopi kama sehemu ya kumi, utafika palepale.

Nafasi ya kwanza naipa Magnum ya Ujerumani, iliyozalishwa Hüll, Bavaria. Alfa yake huwa kati ya 11 na 16, kohumuloni iko chini (ni sehemu moja ya asidi ya alfa; wengi huihusisha na uchungu mkali, ingawa wataalamu bado wanabishana), na inatunzika vizuri. Sifa hii ya mwisho ndiyo inayoipandisha kwangu: pakiti ikikaa njiani wiki kadhaa, kisha umeme ukatike nyumbani, Magnum haiharibiki upesi.

Ya pili ni Warrior ya Marekani, alfa 14 hadi 18, safi kama Magnum na pengine zaidi. Ingekuwa ya kwanza kama ingepatikana kirahisi.

Ya tatu ni Southern Star ya Afrika Kusini, ila usiipuuze. Hopi za huko hulimwa pande za George, na malori kutoka Johannesburg yanapita Kasumbalesa kila siku. Ukiwa na mtu wa kuaminika kwenye njia hiyo, huhitaji ndege. Halafu wao huvuna Februari na Machi, wakati Ulaya huvuna Agosti na Septemba. Ukinunua mwezi wa sita, ya kusini ina miezi michache tu, ya Ujerumani inakaribia mwaka. Katika miezi hiyo mimi naiweka juu ya Warrior.

Nugget ni nzuri, ina ladha ya majani kidogo. Herkules ina alfa nyingi na mara nyingi bei yake ni ya chini, lakini kohumuloni yake iko juu. Kwa bia nyeusi haisumbui, kwa bia nyepesi ya kunywa na samaki ningeiacha. Columbus ni ya mwisho, si kwa kukosa nguvu, bali kwa sababu inachakaa haraka katika joto.

Jina lolote utakalochagua, taka peleti (hopi iliyosagwa na kubanwa kuwa vipande vidogo), si maua makavu. Pakiti iwe ya foili, imebana bila hewa, na mwaka wa mavuno uonekane. Ile ya plastiki inayopitisha mwanga dukani, iache hata kwa nusu bei. Peleti zikinuka jibini, zimekwisha. Ukifungua, gawana na mwenzako anayepika, au toa hewa, funga na uweke kwenye friza.

Na wakikuletea hopi ya Citra kwa kazi hii, kataa. Alfa inayo ya kutosha, lakini unalipia harufu ya matunda ambayo utaichemsha hadi iishe.