"Expand" au "extend"?

Vitenzi hivi viwili vya Kiingereza huchanganywa sana, na nadhani chanzo ni "kuongeza" kwetu, neno linalobeba mzigo wa vyote viwili. Asili yao ya Kilatini inasaidia. "Expand" kimetoka kwenye kutandaza, kama mtu anavyotandaza mkeka. "Extend" kimetoka kwenye kuvuta na kunyoosha.

Kwa hiyo "expand" ni kukua kwa upana au kwa pande zote. Chuma kikipata moto hutanuka. Kifua hupanuka ukivuta pumzi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipanuka kwa kuipokea Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Kwenye hesabu, ukifungua mabano ya 3(x + 2) ukapata 3x + 6, nako ni "expand". Ila matumizi ninayoyasisitiza kuliko yote ni "expand on". Mwalimu akiandika "expand on this point" pembeni mwa insha yako, hakutumi urefushe sentensi. Anataka sababu, mfano, ufafanuzi. Wengi hurudia hoja ileile kwa maneno mengi, na alama hazipandi.

"Extend" kina njia nyembamba zaidi: urefu, muda, na kunyoosha mkono. Viza huongezwa muda, reli husogezwa hadi mji wa mbele. Ukimwomba bosi siku mbili zaidi, andika "extend the deadline". Tarehe ya mwisho haina upana, hivyo "expand" hapo ni kosa.