Kifurushi cha chakula kwenye bustani ya burudani: mama yangu alikatazwa kumlisha mjukuu wake

Sijawahi kuandika maoni juu ya kitu nilichonunua. Hata nikiuziwa kibovu huwa nanyamaza, yaishe. Lakini hili la kifurushi cha chakula limenikaa kooni tangu turudi likizo, na nisipolisema halitashuka.

Bustani yenyewe sitaitaja. Michezo ilikuwa mizuri, watoto walicheka mpaka sauti zikawakauka, hapo sina neno. Nazungumzia kile kifurushi: unalipia milo yote kabla hujafika, unafungwa bangili, ukifika kaunta wanaiskani na unaondoka na sahani yako bila kushika pochi. Sisi tulichukua cha kuhesabu, milo miwili na kitafunwa kimoja kwa kila mtu kwa siku. Tulikuwa mimi, mume wangu, mama yangu mzazi na mtoto wetu mkubwa. Mdogo alikuwa hajatimiza miaka mitatu, hivyo hakununuliwa. Si kwamba tulibana hela. Tulipojaza fomu ilikataa yenyewe: chini ya miaka 3 hawauzi. Tukaona sawa, huyu tumbo lake kama ngumi, atakula kwa bibi yake.

Siku ya kwanza, mchana, mama akapewa sahani ambayo hata mume wangu asingeimaliza. Mama halagi sana siku hizi. Vijiko sita, saba, basi. Akampakata mjukuu wake, akampulizia kiazi kipoe, akamtia mdomoni. Kijiko cha pili hakijafika, akatokea binti mmoja wa kazi mwenye kishikwambi mkononi, akatusimamia mezani.

"Mama, huyo mtoto hana bangili."

Mama akadhani anaulizwa umri. Akamjibu kwa upole kabisa, "Ana miaka miwili na nusu, mwanangu."

"Nimesema hana bangili. Chakula cha kifurushi ni cha mwenye bangili peke yake. Mkiendelea kugawana nazifungia zote."

Alisema kwa sauti ya kufika hadi mwisho wa foleni. Watu wakageuka. Mama akakishusha kijiko taratibu, kama mtu aliyekutwa ameshika mali isiyo yake. Mtoto bado kaachama, anasubiri. Mume wangu akauliza tumnunulie wapi basi, maana tulitaka kumnunulia tukakataliwa. Yule binti akasema tukapange foleni ya wanaolipa taslimu, kisha akaenda zake meza nyingine.

Nimejaribu sana kuwaelewa, na kuna upande nauelewa. Vipo vifurushi vya kula kutwa nzima: unapewa mlo, unasubiri muda fulani, kwenye bustani kadhaa ni dakika 90, halafu bangili inakubali tena. Huko wakikataza kugawana wana haki, kwa sababu bangili moja ingelisha ukoo mzima tangu asubuhi mpaka wanapofunga milango. Lakini chetu kilikuwa cha kuhesabu! Sahani ikishatoka kaunta imeshakatwa kwenye milo yetu. Mama aimalize, aiache, ampe mjukuu, wao hesabu yao haibadiliki hata kidogo. Wanalinda nini hapo? Kile alichokiacha kilimwagwa kwenye pipa la taka mbele ya macho yangu. Kwenye pipa kinaruhusiwa, kwenye mdomo wa mtoto hakiruhusiwi.

Usiku nikayasoma masharti yote, mstari kwa mstari. Yanasema kifurushi hakihamishiki kwa mtu mwingine. Sawa. Kumvua mtu bangili ukampa jirani akale nayo, huko ndiko kuhamisha. Kumlisha mtoto aliye kwenye mapaja yako si kuhamisha kitu. Nikasoma na ya wengine. Mpango wa chakula wa Walt Disney World kule Florida, ule uliosimamishwa 2020 ukarudi Januari 2024, nao unaanzia miaka 3 kama huu wetu, ila mtoto wa chini ya hapo anaruhusiwa kula kwenye sahani ya mkubwa wake bila malipo. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, kuna watu walikaa chini wakalifikiria.

Niwe mkweli pia. Jioni ileile tulikula upande wa pili wa bustani, na kaka aliyekuwa zamu pale alipomwona mtoto akaleta sahani tupu na kijiko kidogo, wala hatukumwomba. Akasema tu, "Huyu naye ale." Bustani ileile, kifurushi kilekile. Na huko kutotafuta chenji kutwa nzima ukiwa na watoto wawili wanaolia njaa ni raha, sitalificha hilo. Usiku ule nilikuwa tayari kusema kifurushi ni kizuri, tatizo ni mtu mmoja. Nilikuwa nimeshafikia nyota tatu.

Asubuhi nikaenda ofisi ya huduma kwa wateja. Sikutaka fidia. Nilitaka yule binti amwombe mama yangu samahani, basi. Msimamizi alinisikiliza huku anaangalia kompyuta, akasema kanuni inaachwa kwa mhudumu aamue, na milo isiyotumika hairudishwi, inafutika siku ikiisha. Milo? Nani alimuuliza habari ya milo? Hapo nyota mbili zikaondoka. Kama kila mhudumu anaamua lake, basi mteja hajui kama leo atachekewa au ataaibishwa mbele ya watu, na fedha ameshatoa. Kama una mtoto mdogo na unakitaka kifurushi hiki, waulize kabla ya kulipa kama anaweza kula kwenye sahani yako, na wakujibu kwa maandishi. Au usinunue. Naona bora usinunue.

Kesho yake tulimbebea mtoto chakula chake kutoka tulikolala. Getini hawaruhusu chakula cha nje, isipokuwa cha watoto wachanga na cha wagonjwa, kwa hiyo mlinzi alifungua kopo, akaangalia, akatupitisha. Mchana tukachukua sahani zetu tukakaa. Mama hakukaa. Alibeba yake, akatupita, akaenda kwenye meza ya peke yake karibu na ukuta. Nikamfuata kumwita. Akaniambia nirudi kwa watoto, yeye atakula hapohapo, tusije tukafungiwa bangili kwa ajili yake.