Kadi imesema: usiku wangu wa kutambua filamu, Mji Mkongwe

Nilitaka ningoje ghadhabu zishuke ndio niandike. Zimekataa kushuka, basi naandika nazo hivi hivi.

Kuna mkahawa juu ya paa huko Shangani. Jina silitaji, maana mwenye pahala hana kosa, na chai yake ya tangawizi sijapata kuinywa mfano wake. Jioni za Alhamisi wapenzi wa filamu hukusanyika pale kuchezeshwa mchezo wa picha. Unalipa shilingi 10,000, mnapewa meza, karatasi na kalamu. Ukutani limetandazwa shuka jeupe, projekta inapiga picha moja ya mnato iliyotolewa kwenye filamu, nanyi mna nusu dakika ya kuandika ni filamu gani. Halafu kijana mwenye kipaza sauti anasoma jibu kwenye kadi. Huyo kijana wa kadi ndiye aliyenileta hapa.

Aliyenishawishi kwenda ni mtoto wa kaka yangu. "Shangazi, twende, utawamaliza wale." Nikajifanya sitaki, huku naitafuta miwani. Mie nimelelewa na senema. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hakosi picha ya Kihindi pale Majestic, Vuga. Kihindi hakijui hata cha kuombea maji, lakini nyimbo anazo zote, na akiosha vyombo utamsikia Lata Mangeshkar jikoni. Sisi watoto tulihadithiwa picha nzima kabla hatujaiona, nani kafa, nani kalia, steringi kavaa nini. Kwa hiyo nilipopanda zile ngazi nilikuwa na kiburi changu, sikatai.

Na mwanzo ulikuwa mtamu, nisiwe mnyimi wa fadhila. Picha nzuri kwa mchezo huu ni ile isiyokuwa na uso wa steringi. Uso kila mtu anaujua. Wape watu mkono, kiti, mlango nusu wazi, hapo ndipo utamjua aliyetazama filamu na aliyetazama tangazo lake tu. Raundi ya kwanza walituwekea usukani wa pikipiki uliofungwa fuvu la ng'ombe, pembe zake zimetanda huku na huku. Paa zima kimya. Nikaandika Touki Bouki, ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, 1973. Tulipata meza yetu na vijana wawili waliotoka Pemba, basi. Walinipungia mkono kutoka kule kwao, na moyo ukanijaa. Nikasema hapa ndipo, kumbe nilikuwa nakaa nyumbani bure siku zote hizi.

Raundi ya pili ilikuwa nyepesi mno. Wanaume wawili kwenye pikipiki yenye kigari cha ubavuni: Sholay, hata paka wa Darajani anaijua. Na kuna jambo jingine lilianza kunikera pale, dogo, lakini mwenye kupenda filamu atanielewa. Picha kadhaa hazikuwa za kwenye filamu kabisa. Zilikuwa za matangazo, zile anazopiga mpiga picha anayekaa kando ya kamera wakati wa kazi, zikatundikwe nje ya senema na kuchapwa magazetini. Pembe yake ni nyengine na taa nyengine, na pengine waigizaji wamesimamishwa tu wakaambiwa tazameni huku. Unaweza kuitazama filamu mara kumi usilione tukio hilo, kwa sababu halimo. Sasa unaniuliza nilitambue kwa kipi? Nilinyamaza. Nikasema ni burudani, shangazi, tulia.

Ndipo ikaja raundi ya tatu.

Picha ya rangi. Ukumbi wa vioo, kuta vioo, dari vioo, na katikati mwanamke anacheza, na juu kule darini yupo tena, na tena, na tena, mdogo mdogo, kama chawa wa dhahabu. (Chawa si neno zuri, ila ndivyo alivyokuwa akisema mama, na sijapata zuri zaidi.) Nondo alitua kwenye shuka, sawasawa na shavu la yule mwanamke, akaganda. Sikuhitaji nusu dakika. Nikaandika Mughal-e-Azam, nikapiga mstari chini, nikaweka kalamu.

Kijana akaitazama kadi. "Jibu sahihi: Anarkali, 1953."

Nilicheka. Wallahi nilidhani anatutania.

Sasa nisikilizeni, maana ndani ya kosa hili ndimo mlimo ghadhabu yangu yote. Mwanamke yule wa vioo ni Madhubala. Filamu ni ya K. Asif, ilitoka 1960, na sehemu kubwa yake ni nyeusi na nyeupe. Wimbo huu wa vioo ni miongoni mwa vipande vichache vilivyopigwa kwa rangi, ndiyo maana waliouona wakati ule hawakuusahau: umekaa umezoea weusi na weupe, mara ukuta mzima unakuwakia. Filamu nzima haikutiwa rangi mpaka 2004. Ile Anarkali ya 1953 ipo kweli, wala si mbaya, nyimbo zake mpaka leo zinaimbwa. Lakini mle msichana ni Bina Rai, na filamu ni nyeusi na nyeupe. Rangi ile peke yake ilitosha kuwaambia kuwa kadi ina ila.

Na nilijua papo hapo kosa limeingia vipi. Filamu zote mbili ni kisa kimoja: mcheza ngoma wa jumba la mfalme Akbar, apendwaye na mwana wa mfalme, Salim. Jina la msichana ni Anarkali. Basi aliyetayarisha kadi kaandika jina la filamu kwenye intaneti, ikamletea jina la mtu, akachukua picha iliyong'ara kuliko zote. Hakuitazama. Hilo tu, hakuitazama picha anayowataka watu waitazame.

Nikanyanyua mkono, kwa adabu. Nikamwambia, "Mwanangu, samahani, hiyo si ya 1953. Huyo ni Madhubala."

Akasema, kwenye kipaza sauti, sio pembeni: "Bi mkubwa, kadi imesema Anarkali. Tukimsikiliza kila mtu tutakesha hapa."

"Itazame rangi, mwanangu."

"Madhubala ndo nani tena?"

Watu wakacheka. Si wote, ila wa kutosha. Yeye mwenyewe kasimama mbele ya projekta, kivuli cha kichwa chake kimemfunika Madhubala nusu ya uso, na hata hilo halioni. Akamaliza kwa kusema, "Mambo ya zamani hayo, bi mkubwa, kaa kitako tuendelee."

Kaa kitako! Hakunisalimu nilipoingia, nikasema labda kashughulika na mitambo yake. Hakuniambia samahani, nikasema kelele nyingi. Lakini kuniambia kaa kitako mbele ya mtoto wa kaka yangu, kwa shilingi 10,000 zangu, na mie ndiye niliye sahihi? Angetaka, ningempa zaidi ya jina. Ningemwambia ukumbi ule wa vioo ulijengwa kwa kazi hiyo hiyo, na vioo vile viliwatesa wapiga picha kwa kurudisha mwanga wa taa kwenye kamera mpaka wakatafuta njia ya kuuvunja. Ningemwambia muziki ni wa Naushad na sauti ni ya Lata, na maana ya wimbo ni kuwa aliyependa ana khofu gani tena. Watu wangefurahi. Mchezo kama huu raha yake hasa ni pale mtu mmoja anapojua kitu cha picha ambacho wengine hawakijui, akawapa. Ukishamnyamazisha huyo, mnabaki na shuka na kadi.

Baada ya hapo sikumbuki sana. Urojo ulikuja baridi, au labda niliuacha ukapoa. Viti vya plastiki, nikaviona vibaya ghafla. Ngazi zina giza, mtu atavunjika mguu siku moja. Mwanzo nilipozipanda sikuliona hilo giza, nasema kweli.

Tulishindwa kwa pointi moja. Zawadi ilikuwa kikapu cha halua ya Wete. Halua naweza kununua mwenyewe. Hiyo pointi siwezi.

Hapo ndipo nilipotaka kuandika nyota moja, nikalale. Lakini lazima niseme na la picha ya mwisho, nisije nikaulizwa. Waliweka picha yenye kiza kingi, ukuta uliobambuka chokaa na upenyo wa uchochoro, basi. Wenye kujua filamu za nchi zote tukakodoa macho. Msichana mmoja wa skuli, buibui lake bado lina vumbi la daladala, akaropoka bila ya kungoja karatasi: "Vuta N'kuvute!" Ile ya Amil Shivji ya 2021, iliyotolewa kwenye riwaya ya Adam Shafi. Paa lilipasuka kwa makofi. Mji wetu wenyewe, tulikuwa tumeukalia, na aliyeutambua ni mtoto. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, hasira zangu zote nimeziweka chini ya kiti kama mkoba. Kwa dakika mbili zile peke yake, nisingetaka kuwa pahala pengine.

Kwa hiyo ni nyota ngapi? Mbili. Chai moja, msichana yule moja. Hapana, na ile pikipiki ya pembe nayo nimeisahau, basi tatu. Lakini kijana yule aondoe moja.

Tulipokuwa tunashuka nilimkuta chini ya ngazi anakunja shuka, simu imembana baina ya kidevu na bega. Akanitupia jicho. "Ati bi, huyo Madhubala wako, filamu yake inapatikana wapi?"

Nikamwambia, "Kwanza shikamoo."

Akasema shikamoo, kwa sauti ya mtu anayelipa deni la mwenziwe. Nikamtajia filamu, nikamtajia na mwaka, nikamwambia aitazame mpaka kwenye vioo ndipo aje tuzungumze. Akaandika kwenye simu. Aliandika "Madhubara". Sikumsahihisha, nilikuwa nimechoka.

Mtoto wa kaka yangu kashaweka meza ya Alhamisi ijayo, bila ya kuniuliza. Sijasema nakwenda. Miwani nimeiweka karibu na mlango, lakini hiyo ni kwa shughuli zangu nyengine. Na pointi yangu mpaka leo hawajanirudishia.