Weighted Mind ya Sierra Hull: mandolini ndani ya tuktuk

Kwanza niwaambie nilivyoipata. Kijana mmoja wa chuo alipanda tuktuk yangu hapa Mombasa, Buxton, akienda Nyali, akaniomba achomeke simu yake kwenye redio yangu. Nilikubali shingo upande, maana vijana hawa ukiwapa waya tu, abiria wa mbele atashuka na kichwa kinamgonga. Kilichotoka ni mandolini. Peke yake! Hakuna ngoma wala kinanda. Tulipofika darajani nilikuwa nimeshapunguza mwendo ili injini isiifunike, na nyuma yangu matatu zinapiga honi na kunitukania wazazi.

Ule ulikuwa "Stranded", wimbo unaofungua albamu ya Weighted Mind ya Sierra Hull, binti wa Byrdstown, Tennessee, kule Marekani. Ilitoka Januari 2016, kwa hiyo kwa wenyewe si mpya tena. Kwangu ni mpya kabisa, na bando limeshanifilisi.

Mandolini si chombo kigeni kwangu. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa nayo akiipiga kwenye harusi za Mji wa Kale, kakaa kando ya mpiga taishokoto, kile chombo cha waya chenye vitufe. Kazi yangu utotoni ilikuwa kumshikia tochi waya ukikatika. Zile waya ni nane, zinakwenda mbilimbili, na sauti zake zimepangwa kama za fidla. Ubaya wake uko hapo hapo: katika jozi moja, waya mmoja ukilegea chembe, chombo kizima kinalia kama mtu mwenye mafua. Kwenye bendi kubwa aibu hiyo hufunikwa na wenzako. Sierra hana wa kumfunika. Nyimbo nyingi humu ni mandolini yake, sauti yake, na besi kubwa la kusimama linalopigwa na Ethan Jodziewicz, basi. Nimetega sikio wiki mbili nikitafuta jozi iliyolegea. Sijaiona.

Yasemwa kwamba haikuanza hivyo. Binti huyu alishika mandolini akiwa na miaka minane, akapanda jukwaa la Grand Ole Opry, lile onyesho maarufu la Nashville, akiwa na miaka kumi, na alipofika kumi na mbili alikuwa Carnegie Hall, ukumbi mkubwa wa New York. Albamu ya Secrets ikatoka 2008, Daybreak 2011, halafu kimya. Katikati ya kimya hicho alikwenda studio Nashville, akarekodi nyimbo kadhaa na wanamuziki wengi, na mambo hayakukaa sawa. Mwimbaji Alison Krauss ndiye aliyemwelekeza kwa Béla Fleck, yule bingwa wa banjo. Fleck akamshauri aondoe vyote, abaki na mandolini na sauti yake. Hebu fikiria umeshalipia chakula cha wageni mia, unaambiwa uwapakulie watu wawili.

Na ndipo utamu ulipo. Sikiliza "Compass". Inashikana na "Stranded" bila kupumua, na mkono wa kulia unafanya kazi ya watu wawili: unadonoa muziki, halafu unakata waya kwa kishindo kifupi, chak, chak, pale ngoma ingegonga. Muziki wao wa bluegrass, ule wa kienyeji wa Marekani wa vyombo vya waya, kwa asili hauna ngoma, mandolini ndiyo inayoshika mapigo. Ami yangu angekataa. Yeye mandolini kwake ilikuwa ya kutetemesha tu, sauti iwe ndefu kama anayeimba, mapigo waachiwe wenye ngoma, wapiga dumbak. Lakini nadhani mwisho angeomba wimbo urudiwe.

Siku nyingine nilibeba mama wawili watu wazima kutoka Marikiti, mikoba ya samaki miguuni. Mmoja akauliza, "Mwanangu, hiyo ni taishokoto?" Nikamwambia ni mandolini, ya Mmarekani. Akanyamaza mpaka Tononoka. Wakati huo ilikuwa inapiga "Black River", wimbo wa mwisho. Nikawaeleza kwamba huo mto mweusi ni wanja unaochuruzika na machozi. Walicheka hao! "Kumbe na wao?" akasema wa pili. Nauli wakanilipa na samaki mmoja juu, changu mkubwa, sina uongo. Humo ndani utasikia pia wenzake wakimsaidia kuimba, na baada ya kukaa na mtu mmoja muda wote ule, sauti zao zinaingia kama jamaa waliofika msibani.

Kasoro zipo. Baada ya nusu ya kwanza mwendo unapoa, na kuna nyimbo mbili tatu ambazo dada anajisemea mwenyewe kama mtu aliyejifungia chumbani na daftari. Mimi nikiwa na abiria huziruka. "Queen of Hearts/Royal Tea" ndiyo inayoniamsha tena: wimbo wa zamani wa kienyeji, kisha unageuka kuwa mpigo wake mwenyewe usio na maneno, vidole vinakwenda mbio lakini hakuna anayeonyesha umahiri kwa kiburi. Na onyo: msiisikilize kwenye spika kubwa ya mtaani. Lile besi linageuka mngurumo na mandolini inapotea. Vipokea sauti vya masikioni, hata vya bei ndogo, vinatosha.

Mwaka huo huo wa 2016 alipata tuzo ya mpiga mandolini bora ya IBMA, chama cha wanamuziki wa bluegrass. Tuzo hizo zilianza 1990, na yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuichukua hiyo. Akairudia 2017, na 2018 tena. Nilipomhadithia mke wangu, aliuliza tu, "Miaka yote hiyo walikuwa wanamsubiri nani?"

Kwangu ni nyota nne na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa zile nyimbo za daftari.

Mandolini ya ami nimeitoa juu ya kabati. Waya zake madukani nimekosa, nimefunga za gita zile nyembamba, na jozi ya kwanza bado inalia mafua. "Stranded" nimeshaweza mstari wa mwanzo. Wa pili, vidole havifiki.