Kipimo cha troponini cha kaseti: kinafaa wapi, kinadanganya wapi

Nazungumzia ile kaseti ya plastiki inayosoma troponini I (protini inayovuja damuni msuli wa moyo ukiumia) kwa mistari, kama kipimo cha haraka cha malaria. Naitumia chumba cha dharura. Kuthibitisha mshtuko wa moyo inasaidia. Kumruhusu mgonjwa aende nyumbani mapema, hapana.

Tatizo ni kizingiti. Hii yangu huonyesha mstari kuanzia 0.5 ng/ml, yaani 500 ng/L, ilhali mashine za maabara za kizazi kipya huona nanogramu chache tu kwa lita. Msuli wa moyo ukianza kufa, troponini huhitaji saa kadhaa kupanda hadi kaseti iione. Aliyebanwa kifua saa moja iliyopita atatoka hasi hata mshipa ukiwa umeziba kabisa. Rudia baada ya saa 3, kisha saa 6, na kwenye faili andika saa maumivu yalipoanza, maana bila hiyo jibu hasi halisomeki. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, itangulie, ndani ya dakika 10 za mwanzo. Sehemu ya ST ya mchoro wake ikiwa imepanda, dalili ya mshipa ulioziba, kaseti ya nini tena? Anza matibabu.

Kupima kwenyewe ni rahisi: matone 3 ya plazima (maji ya damu yasiyo na chembe), soma dakika ya 10, na baada ya dakika 20 usisome kabisa. Hapo ndipo wengi huharibu. Kaseti husahaulika mezani, mstari hafifu hujitokeza baadaye, mtu anaandika chanya. Mstari hafifu ndani ya muda, huo ni chanya halali. Damu iliyopasuka chembe huacha utepe mwekundu na kuficha mstari, kwa hiyo kama sentrifuji, mashine ya kuzungusha damu ili chembe zijitenge, ipo, zungusha kabla ya kupima. Mstari wa C, unaothibitisha kuwa kaseti inafanya kazi, usipotokea, tupa, fungua nyingine.

Chanya nayo inasema moyo umeumia tu. Ugonjwa sugu wa figo, sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi) na donge la damu kwenye mapafu huipandisha pia. Halafu troponini hukaa damuni wiki nzima au zaidi, na mstari hauonyeshi kama inapanda au inashuka. Hili ndilo linalonikera zaidi. CK-MB, kimeng'enya cha msuli wa moyo kinachoshuka ndani ya siku 2 hadi 3, husaidia pale unaposhuku shambulio jipya juu ya la wiki iliyopita.

Toleo la kaseti linalopima pia mayoglobini, protini iliyomo hata kwenye misuli ya kawaida ya mwili, silipendekezi. Hupanda mapema, ndiyo, lakini hata aliyeanguka na bodaboda atakuwa nayo. Hela hiyo iongezee kwenye kisomeo kidogo cha mezani kinachotoa namba.