Benson hata epsodi zikirukwa namwelewa: sizoni za upelelezi kwenye banda langu la cherehani

Nina banda la ushonaji Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, pale ambapo harufu ya dagaa inakukaribisha kabla mwenye banda hajasema karibu. Cherehani zangu tatu ni za miguu. Televisheni niliinunua mwaka juzi ili wateja wanaosubiri wasinisimamie kichwani. Nikaanza kuweka sizoni za upelelezi za Kimarekani, na sasa kuna watu wanakuja hawana hata nguo ya kushonesha.

Muvi napakiwa kwenye flashi na kijana mmoja wa mtaani, 1,000 kwa sizoni nzima. Kwa bei hiyo sina neno, na ni mwepesi, ukimwachia flashi asubuhi saa sita umeshapata. Kasoro yake ni kuruka. Unatoka epsodi ya sita unajikuta ya nane. Nikimrudia ananiambia, "Dada fundi, hiyo we tazama tu, utaelewa." Nilikuwa nachukia sana jibu hilo mpaka nilipogundua kwamba kwa Law & Order: SVU, sizoni ya kina Benson, polisi wa New York wanaopeleleza kesi za ubakaji na unyanyasaji, kijana anasema kweli.

Ile Law & Order mama yao ilianza 1990, na mtindo wake ni wa kugawa saa moja mafungu mawili: kwanza polisi wanatafuta mtu, halafu waendesha mashtaka wanahangaika naye mahakamani. SVU ikazaliwa 1999 na haijasimama hadi leo. Kila epsodi ina kesi yake na kesi inafungwa humo humo, dakika arobaini na kitu. Sisi tuliozoea kusikia "upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa" tunaitazama kama watu wanavyotazama karamu ya jirani.

Utamu wake nimeuona zaidi umeme ukikatika. Juzi ulikatika mtuhumiwa wa tatu ndiyo kwanza kakalishwa kwenye kile chumba cha mahojiano. Cherehani ya miguu haina habari na umeme, kwa hiyo tuliendelea kushona huku tunahukumu. Kuna mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, yeye sheria yake ni moja tu: anayelia sana mwanzoni ndiye muuaji. Binti ninayemfundisha kazi anatazama sura. Akiona mwigizaji maarufu kapewa nafasi ndogo ya kufungua mlango na kusema "sijamwona," basi anamfunga papo hapo, kwa sababu hawawezi kumlipa mtu yule afungue mlango tu. Dereva wa bodaboda aliyeleta suruali ya kupunguza akasema ni mume. Kwake kila siku ni mume. Umeme uliporudi karibu na magharibi, binti ndiye aliyepata. Mama wa dagaa hakukubali. "Mwanangu, hao wamemwonea," alisema, akabeba beseni lake akaondoka.

Nilimkosea yule kijana mara moja, na niseme hapa. Aliniletea sizoni ya 25 ya SVU ina epsodi 13. Nilizoea ishirini na zaidi, nikamgombeza mbele za watu kwamba kanipunja. Kumbe ndivyo ilivyotoka. Waandishi na waigizaji wa Hollywood waligoma mwaka 2023, ikaanza kuonyeshwa Januari 2024 ikiwa fupi. Nilimpelekea soda.

Sizoni hiyo hiyo ndiyo iliyotugawa. Kuna binti anaitwa Maddie anatekwa, na Benson aliliona gari alilobebwa asiligundue, kwa hiyo anatembea na hatia hiyo epsodi kadhaa. Mwishoni anampa mama wa binti mkufu wenye dira, mkufu ambao yeye mwenyewe alipewa na Stabler, mpelelezi mwenzake wa zamani. Hapo mashine zote zilisimama. Inabidi ujue kwamba Stabler aliondoka 2011 akarudi 2021, na kuna wateja wangu wanawasubiri hawa wawili waoane kama wanavyosubiri posa ya dada yao. Binti yangu wa kazi alikasirika kabisa: zawadi ya mwanamume haigawiwi! Mama wa dagaa akasema mkufu umekwenda kwa aliyeuhitaji. Mimi niko na mama. Ila naona waandishi wanazidi kututoa kwenye kesi na kutuingiza chumbani kwa Benson, na siku hizo ndizo ambazo epsodi ikirukwa unaumia.

Kwa Criminal Minds, ile ya kikosi cha FBI kinachosaka wauaji, kuruka hakusameheki. Ile ya zamani, 2005 hadi 2020, ilikuwa inaenda vizuri tu na kijana wangu: muuaji mmoja, ndege moja, wanarudi nyumbani. Iliporejea mwishoni mwa 2022 ikaja na Voit, mtu aliyewaunganisha wauaji kwenye mtandao, na yeye mwenyewe unamjua mapema. Sasa umeme ukikatika tubishane nini? Zach Gilford anaigiza vizuri, sikatai, ana sura ya mwalimu wa Jumapili mpaka inatisha. Lakini banda lilipoa. Dereva wa boda aliuliza mara mbili huyu mtu anakamatwa lini, mara ya tatu akaenda zake kutafuta abiria.

Halafu msiba. Katika sizoni ya 2025 Will, mume wa JJ wa kikosini, anafariki ghafla, na Reid, mwenzao wa zamani aliyekuwa haonekani tangu sizoni irudi anatokea mazishini. Banda zima lilipiga kelele kumwona, kisha kelele nyingine alipoondoka. Msiba gani huo? Mtu amepotea miaka, anakuja kuzika, hata hakai na wafiwa siku mbili? Wasukuma wa humu bandani walimsema Reid kama mkwe asiye na adabu.

Jambo la mwisho kwa atakayetaka kujaribu: usichukue za kutafsiriwa. Nawapenda watafsiri, nimekua na sauti ya Lufufu, na kwa muvi za ngumi hawana mpinzani. Kwa upelelezi wanaharibu. Niliyeletewa mimi, dakika ya tano tu akasema, "Huyo mwenye koti mkumbukeni, mtakuja kuniambia." Nikazima. Bora maandishi ya Kiingereza chini, binti anatusomea kwa sauti, na pale anapokwama tunamalizia wenyewe.

Kwa sasa nimemwagiza kijana SVU zote za nyuma, kuanzia pale Ice-T alipoingia mwaka 2000, na nimemwambia akiruka mbili tatu simdai. Criminal Minds nimeihamishia flashi nyingine, naitazamia nyumbani Nyakato. Kule nina betri ya sola.